Nyuma ya Nyumba: Historia ya Bustani na Majani ya Uwanja huku Kirolirwe



Mtu akilala Kirolirwe usiku mmoja, kinachomwamsha asubuhi si jogoo peke yake, ni ufagio pia. Ukungu ungali juu ya vilima, ng'ombe hawajafunguliwa, na tayari katika kila parseli kuna mtoto ameinama anafagia kiwanja, mpaka udongo mweusi unabaki na mistari sawa nywele zilizochanwa. Sisi wote tulikua hivyo. Na aliyefagia vibaya alirudishwa kuanza upya.

Wazee wetu hawakutaka majani karibu na mlango. Majani yanaficha nyoka na panya, ndiyo, lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Majani mlangoni yalikuwa ni habari. Mpita njia akiona njia ya kuingia nyumbani imefunikwa, alijua pasipo kuuliza: mwenyewe amekufa, ama amehama, ama amekimbia. Kwa hiyo kufagia kila asubuhi kulikuwa ni kutangaza kwamba humu ndani kuna watu.

Sasa vijana wetu wanaojenga nyumba za matofali wanatuuliza kinyume chake. Wamefika Goma, wameona kule kando ya ziwa nyumba zenye pelouse nzuri mbele na maua pembeni, na wao wanataka hivyo hivyo. Wanauliza: nipande majani gani? Bustani naianza wapi? Mboga zitatoka kweli? Tukaona maswali hayo yanastahili jibu, lakini jibu lenyewe linapita katika historia, sababu kwetu Masisi jambo la nini kiote karibu na nyumba halijawahi kuwa jambo la urembo tu.

Kirolirwe (wengine huandika Kilolirwe) iko katika usultani wa Bashali, kwenye barabara inayotoka Sake na kupanda kwenda Kitchanga na Mweso. Ni nchi ya baridi, yenye vilima vinavyokaribia mita 2,000 na kupita, na udongo wake mwingi umetokana na volkano. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Inapungua tu kuanzia Juni mpaka Agosti, na kidogo tena mwanzoni mwa mwaka. Mtu wa Kinshasa akija huku anashangaa kuona majani mabichi kila upande, eti anafikiri ni mtu ameyapanda. Kwa sehemu, si uongo. Tutafika hapo.

Tuanze na nyumba ya zamani. Wale wanaosema Kinyarwanda wanajua kwamba nyumba ilikuwa na pande mbili zenye majina tofauti. Mbele kulikuwa na imbuga, ndicho kiwanja cha kufagiwa, mahali pa wageni, pa kuanikia maharagi, pa kutolea mashauri. Nyuma kulikuwa na igikari, mahali pa wamama. Huko ndiko kulikuwa na majivu ya jikoni, maji ya kuoshea vyombo, maganda ya ndizi na viazi, mavi ya mbuzi na ya ng'ombe. Na pale ambapo vitu hivyo viliangukia, mboga ziliota zenyewe. Lengalenga haikuhitaji mwalimu. Boga lilijipanda kwenye jalala na kutambaa juu ya ua, na majani yake yaliliwa kabla ya tunda. Isogi na isogo ziliachwa zikomae mbegu, ili zijirudie. Wazungu walipokuja baadaye kutufundisha "jardin de case", walikuta bustani hiyo ikiwa pale pale nyuma ya nyumba. Hawakuitambua kwa sababu haikuwa na mistari.

Kuzunguka yote hayo kulikuwa na ua, na ua ndio uliokuwa kitabu. Miyenzi, ule mti wa maziwa meupe yanayochoma macho, ilipandwa mstari kwa kukata tawi na kulichoma ardhini. Umuvumu ulipandwa vile vile, na ganda lake lilipondwa likawa nguo kabla ya nguo za duka. Mti wa umuko wenye maua mekundu ulikuwa na heshima yake katika mambo ya Ryangombe, na hakuna aliyeukata ovyo. Pembeni walipanda dawa: umuravumba wa kikohozi na tumbo, umubirizi mchungu wa homa. Mgeni aliona vichaka. Mwenye nyumba aliona duka la dawa na mpaka wa nchi yake kwa pamoja.

Kwa Wahunde, ambao Bami wao ndio waliogawa ardhi hapa Bashali, jambo lilikuwa moja ingawa majina ni mengine. Mtu aliomba mahali, akapewa, akatoa mutulo kwa mkubwa wa nchi, akajenga. Lakini kujenga peke yake hakukutosha. Nyumba ya miti na majani inaoza katika miaka michache. Kilichoonyesha kwamba mtu amekaa kweli ni migomba. Shina la mgomba linazaa, linakufa, na mtoto wake anashika nafasi; baba anakufa na mtoto wake anashika nafasi. Mahali ambapo migomba ilikuwa imezeeka, hakuna aliyeuliza ni pa nani. Tuombe msomaji aikumbuke habari hii ya migomba, sababu itarudi.

Kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta huku makumi ya elfu ya watu kutoka Rwanda, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, nao walijiunga na wengine waliokuwako tayari. Gishari ikawa na usultani wake, ambao ulivunjwa mwaka 1957. Karibu kila mmoja wetu anatoka upande mmoja ama mwingine wa historia hiyo, na kijitabu hiki si mahali pa kuimaliza. Tunataja tu jambo moja: waliofika walifanya kama waliowakuta. Walichoma tawi la muyenzi ardhini na kupanda mgomba nyuma ya nyumba.

Sasa, majani. Mtu wa kwanza kutaka majani mbele ya mlango wake huku kwetu alikuwa mzungu. Kwa wakubwa wa Ulaya, uwanja wa majani mafupi ulikuwa ni njia ya kusema: nina ardhi nyingi kiasi kwamba sehemu yake naiacha bila kuilima. Kwanza kondoo na watu wenye miundu mirefu ndio walioyafupisha. Mwaka 1830 Mwingereza mmoja, Edwin Budding, akatengeneza mashine ya kukata majani, na tangu hapo hata mtu wa kipato cha kati aliweza kuwa na uwanja kama wa bwana mkubwa. Desturi hiyo ikasafiri na makoloni. Comité National du Kivu ilianzishwa mwaka 1928 kuwagawia walowezi ardhi, na pale walipojenga, iwe kwenye mashamba ya kahawa chini ama ya pareto na ng'ombe huku juu, walizungusha nyumba kwa majani. Misioni zikafanya hivyo, na ofisi za serikali pia. Na nani aliyakata? Wafungwa, kwa coupe-coupe, wamepanga mstari mmoja chini ya jua. Ndiyo maana baadhi ya wazee mpaka leo hawaioni pelouse kama kitu cha raha. Wanaona mstari ule.

Kinachochekesha ni kwamba majani mazuri kuliko yote kwa kazi hiyo yalikuwa ya kwetu. Kuna majani ambayo kila mchungaji wa Masisi anayajua: mafupi, manene, yanatambaa juu ya udongo na chini yake, na kila fundo likigusa ardhi linatoa mizizi. Dunia nzima inayaita majani ya kikuyu, kwa jina la Wakikuyu wa Kenya, lakini makao yake ya asili ni milima yote hii ya Afrika ya mashariki, pamoja na ya upande wetu wa Kongo. Wataalamu waliyaita Pennisetum clandestinum, na siku hizi wameyahamishia jina la Cenchrus. Neno lile "clandestinum" maana yake ni la kujificha, sababu ua lake limefichwa ndani ya jani. Asubuhi, siku chache baada ya ng'ombe kupita, utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimetokeza juu, na hilo ndilo ua lote. Mwaka 1919 mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo ya Wabelgiji, na huko zikawa malisho, na viwanja vya nyumba, na viwanja vya michezo. Kumbe kijana wetu anayetaka kununua mbegu za gazon katika pakiti yenye picha ya nyumba ya Ulaya, anakanyaga kila siku majani ambayo watu walivusha bahari wayapate.

Hayo majani ndiyo yaliyofanya Masisi ijulikane. Walowezi, na kiisha wafugaji wetu wenyewe, waliyaeneza vilimani kwa ajili ya ng'ombe, na maziwa yakatoka, na jibini ile inayoitwa ya Goma lakini inayotengenezwa huku Masisi. Lakini kila kilima kilichogeuka malisho kilizungushiwa senyenge. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa taifa, na ardhi za wananchi vijijini zingepangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Tarehe 30 Novemba mwaka ule ule Mobutu akatangaza kwamba mali za wageni zitapita mikononi mwa Wazairwa. Waliokuwa na elimu, pesa na marafiki Kinshasa ama Goma walipata makaratasi ya mashamba makubwa. Waliokuwa na migomba na miyenzi hawakuwa na karatasi.

Neno moja linaonyesha vizuri mambo yalivyogeuka. Salongo, wakati wa Mobutu katika miaka ya 1970, ilikuwa kazi ya pamoja: watu wote wanatoka kukata majani ya barabara, kusafisha mifereji, kufyeka kuzunguka nyumba. Leo huku Masisi ukisema salongo, wengi wanafahamu kitu kingine: siku ambazo mkulima asiye na ardhi anamlimia mwenye ferme bure kila juma, ili aruhusiwe kulima kipande kidogo cha kwake. Na kipande hicho kina sharti. Unaweza kupanda maharagi, unaweza kupanda viazi, vitu vya miezi mitatu ama minne. Mgomba hapana. Mwavoka hapana. Mwenye ferme anajua sawasawa kile ambacho wazee walijua, kwamba mtu akipanda kinachodumu, kesho atasema ni pake.

Kwa hiyo bustani ya nyuma ya nyumba, ambayo zamani ilikuwa nyongeza ya mashamba, kwa familia nyingi ikawa ndiyo shamba lote lililobaki kwa uhuru. Tukisema habari za bustani hatusemi habari za mchezo wa Jumapili. Ni sombe ama lengalenga ya kuweka pembeni ya bugali jioni, na ni mahali pekee ambapo mama anaweza kupanda anachotaka bila kuomba.

Basi tumjibu yule anayeanza, na tumjibu kwa namna tulivyofundishwa.

Usianze na eneo kubwa. Upana wa mkeka miwili ama mitatu unatosha mwaka wa kwanza, na uwe karibu na jiko, pale unapoweza kumwaga majivu na kuchuma ukiwa na mwiko mkononi. Bustani iliyo mbali na macho huliwa na mbuzi. Huku kwetu ardhi imelala kwenye mteremko, kwa hiyo matuta yapite kukata mteremko, yasishuke nao. Wakoloni walichimbisha watu mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa nguvu na kwa viboko, na watu wakaichukia; amri ya 1917 na ile ya tarehe 5 Desemba 1933 zilikuwa zimezoeza watu kulima kwa kulazimishwa, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita 120. Baada ya uhuru wengi waliifukia mitaro kwa furaha. Tunawaelewa. Lakini ukweli ni kwamba tuta lililoshuka na mteremko linapeleka mbolea yako kwa jirani wa chini mvua moja tu. Panda mstari wa urubingo kwenye ukingo wa chini: unashika udongo, unalisha mbuzi, na mabua yake yanasimamisha maharagi ya kupanda.

Mbolea ya ng'ombe tunayo, wengine wangetuonea wivu. Kosa la wanaoanza ni kuitia ikiwa mbichi. Inachoma miche, tena imejaa mbegu za majani. Irundike kivulini, ifunike na majani ya mgomba, igeuze mara mbili, ngojea miezi miwili ama mitatu mpaka isiwe na harufu na ibomoke mkononi sawa udongo. Majivu nyunyiza kidogo, hasa kuzunguka mashu. Usiyamwage rundo mahali pamoja kila siku, mahali hapo patakuwa pagumu na hapatatoa kitu.

Kupanda, fuata mvua. Mwezi wa tisa, na tena mwezi wa pili kuingia wa tatu. Lengalenga iwe ya kwanza, sababu katika juma la nne ama la tano unaanza kuchuma, na mtu anayeanza anahitaji kula jasho lake mapema asikate tamaa. Usiing'oe, kata juu, iache itoe matawi. Mbegu ni ndogo kama vumbi, zichanganye na mchanga ama majivu kabla ya kumwaga, la sivyo zitaota zote mahali pamoja kama ndevu. Mashu yapitie kitalu kwanza, chini ya kivuli chepesi, na yakifika majani manne ama matano yahamishwe jioni, umbali wa hatua fupi kati ya shina na shina. Wanaoanza wanapenda kuyabana. Wanapata majani mengi na hakuna kichwa. Puaro na karoti zinahitaji subira; zitie pembeni na uzisahau kidogo. Mateke yaende pale maji ya kuoshea yanapopita. Ua uubebeshe boga na marakuja. Binyomoro panda miti miwili mitatu tu, itazaa kabla ya miaka miwili kupita, na watoto hawatakuacha upate lolote.

Viazi, tahadhari. Unyevu wetu unapendwa na mildiou, ugonjwa ule ule uliowaangamiza Waayalandi kwa njaa kuanzia mwaka 1845. Ukiona majani yana madoa meusi yenye ukungu mweupe chini yake, usingojee Jumapili. Yang'oe yaliyougua, yapeleke mbali. Na usirudishe viazi pale pale msimu unaofuata, tia maharagi.

Turudi kwenye migomba, kama tulivyoahidi. Mwaka 2001, hapa hapa Masisi, upande wa Bwere, migomba ilianza kufa kwa namna ambayo hakuna mzee aliyeijua. Majani yanageuka njano na kunyauka, mkungu unaiva kabla ya wakati na ndani ndizi ni nyeusi, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Ilichukua muda wataalamu kutambua kwamba ni bakteria, ile ile iliyojulikana zamani Ethiopia na iliyoonekana Uganda mwaka huo huo. Wanaosema Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Kasiksi ikakosekana kwenye harusi. Watu wakanywa Primus, wenye pesa. Lakini hasara kubwa haikuwa pombe. Migomba ilikuwa ndiyo hati. Mzee ambaye alionyesha mpaka wake kwa vichaka vya migomba iliyopandwa na babu yake, aliamka na kuona mpaka umeoza.

Kitu kilichousambaza ni panga letu wenyewe. Tunakata mgomba wa huyu, tunapita kwa yule kumsaidia, bila kulipitisha panga kwenye moto. Wadudu nao wanaubeba kutoka ua hadi ua. Kwa hiyo anayeanza leo ajue mambo matatu: chipukizi atoe mahali palipo safi, si kwa rafiki tu kwa sababu ni rafiki, ua la kiume, lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, alivunje kwa fimbo yenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotokea, asilikate kwa kisu, na panga alichome moto ama alioshe kwa javel kati ya shina na shina. Aliyefanya hivyo bila kuchoka aliokoa migomba yake. Tumeiona.

Halafu vita. Tangu mauaji ya Ntoto, Machi 1993, watu wa Masisi wamekimbia na kurudi mara nyingi kiasi kwamba kuna watoto wanaohesabu umri wao kwa safari hizo. Ng'ombe waliliwa ama walipelekwa, senyenge zilikatwa, malisho yakaota vichaka. Kirolirwe yenyewe ilikuwa makao ya CNDP wakati wa 2007 na 2008. Mwezi wa kumi 2023 mapigano yalirudi Kirolirwe, Burungu na Kitchanga, na waliokimbia walikwenda kujazana kwenye kambi za pembeni ya Goma: Bulengo, Rusayo, Lushagala. Huko ardhi ni mawe ya volkano. Hata hivyo wamama walitafuta mifuko mitupu, wakaijaza udongo waliouokota kwa mikono kwenye nyufa za mawe, wakatoboa matundu pembeni na kupanda lengalenga na kitunguu, juu na ubavuni. Mtu aliyefagia kiwanja maisha yake yote hawezi kukaa bila kupanda. Mwezi wa pili 2025 kambi zile zilivunjwa, na wengi wakashika njia ya kurudi.

Wanaporudi, wanakuta nini? Nyumba haipo, mara nyingi hata mawe ya msingi yamechukuliwa. Majani ya kikuyu yamefunika kila kitu: kiwanja, jiko, matuta, kaburi. Ni kijani kizuri sana, mgeni angepiga picha. Na kunaweza kuwa na mtu mwingine amesimama hapo naye anasema ni pake, na pengine yeye pia alifukuzwa mahali pengine. Mbele ya chifu na wazee kila mmoja anaulizwa: ulipanda nini? Ndipo watu wanakwenda kutafuta kichwani mwa majani: kisiki cha mwavoka, mstari wa miyenzi uliochomwa lakini umechipua tena, umuko ule wa pembeni. Tumeona kesi ikiamuliwa na muyenzi. Tumeona pia, tusidanganye, muyenzi uking'olewa usiku kabla ya kesi.

Kwa hiyo tunamwambia yule kijana mwenye nyumba ya matofali: panda pelouse yako, hakuna ubaya. Usinunue mbegu, kata vipande vya kikuyu vyenye mafundo mawili ama matatu, vilaze kwenye udongo uliolegezwa mwanzoni mwa mvua, umbali wa futi moja, kanyaga, na kabla msimu haujaisha vitakutana. Kata yakifika kimo cha kidole, usiyanyoe mpaka kwenye udongo maana yatakuwa ya njano na magugu yataingia. Mbuzi mmoja aliyefungwa kamba anafanya kazi ya mashine, na analeta mbolea juu yake. Lakini chimba mfereji wenye kina cha jembe kati ya majani na mboga, na uusafishe kila mwezi, sababu kikuyu hakijui kusimama; kipande kimoja kilichobaki kwenye tuta la maharagi kinarudi kikiwa kumi. Vile unavyovitoa vianike juani juu ya jiwe mpaka vikauke kabisa, usivitupe kwenye jalala. Acha hatua tatu nne za udongo mtupu mbele ya mlango, zifagiwe.

Na kabla ya pelouse, kabla hata ya lengalenga, siku ile ile unapopewa parseli, kata matawi ya muyenzi urefu wa mkono, yaache siku mbili yakauke maziwa, na uyachome kwenye mpaka wakati majirani wako wa pande zote wamesimama wakiona. Katika kila kona tia mti wa miaka mingi: mwavoka, umuvumu, umuko ukiupata. Waite watoto waje washike mche wakati unafukia, na uwaambie jina la kila jirani.